Orodha Iliyotaja Hoteli Yetu

Tarehe 20 Juni 2024, Muswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, uliposomwa mara ya pili katika Bunge la Taifa la Kenya, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Siku tano baadaye, katika kura ya mwisho, waliounga mkono walikuwa 195 na waliopinga 106, na jioni ile waandamanaji walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya Bunge, sehemu ya jengo ikawaka moto, na vijana wakapigwa risasi nje ya ua. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Kuhusu siku zile yameandikwa mengi na watu waliokuwapo barabarani, nami sina la kuwaongezea. Ninachotaka kueleza ni jambo lililokwenda sambamba na maandamano hayo na likatufikia sisi kazini, nalo ni zile orodha za watu na biashara za kususiwa ambazo zilipita kwenye simu zetu usiku na mchana.

Orodha ya kwanza ilikuwa ya majina ya wabunge na namna kila mmoja alivyopiga kura. Ya pili ilikuwa na nambari zao za simu, na wananchi wakaanza kile kilichoitwa kuwasalimia waheshimiwa, yaani kumiminia simu ya mbunge ujumbe na miito mpaka isiweze kutumika. Ya tatu ndiyo iliyotukuta: orodha ya biashara zilizosemwa kuwa ni mali ya wabunge waliosema ndiyo, zikiwamo vituo vya mafuta, maduka makubwa, shule za kibinafsi, matatu na hoteli. Hoteli yetu ilikuwa humo.

Mimi hutunza hesabu za hoteli ya chakula mjini Nakuru, ambayo haina vyumba vya kulala wala baa. Asubuhi tunauza chai na maandazi, mchana chapati kwa madondo, pilau, githeri na sukuma. Mwenye hoteli ni mama mjane ambaye alianza na meko moja kando ya stendi. Mbunge aliyetajwa kwenye orodha ni mwenye jengo tu. Sisi tuko chini, na juu yetu kuna kinyozi, duka la kushona sare za shule na ofisi ya wakili, ambao wote humlipa kodi mwenye jengo huyo kupitia kwa ajenti. Kinyozi hakutajwa na wakili hakutajwa. Nadhani ni kwa sababu hoteli ndiyo yenye kibao kikubwa kinachoonekana kutoka barabarani.

Mtu asiyejua biashara hii anaweza kudhani kwamba sisi tulikuwa upande wa muswada, au angalau hatukuwa na neno nao. Ukweli ni kwamba ulitutisha kuliko ulivyowatisha wateja wetu wengi. Ulikuja na pendekezo la ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 juu ya mafuta ya kupikia na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 juu ya mkate, na katika hoteli inayokaanga maandazi tangu alfajiri, mafuta ndiyo gharama inayofuata unga. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya bei mpya ya andazi na kumwonyesha mama, naye akaniambia nifiche karatasi ile wahudumu wasije wakaisoma wakadhani tunafunga. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa tarehe 18 Juni, maandamano yalipoanza, na sisi tulikuwa miongoni mwa walionufaika na kelele za vijana. Mmoja wa wahudumu wetu aliandamana Alhamisi, siku ya kura ya kwanza, akarudi na macho mekundu kwa gesi ya kutoa machozi. Wiki iliyofuata aliambiwa akae nyumbani kidogo, maana meza zilikuwa tupu.

Nimelitafakari sana jambo hilo kabla ya kulitolea maoni, kwa sababu siamini kwamba kususia ni kosa. Mwananchi wa Kenya ana njia chache za kumwajibisha mbunge kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Ibara ya 104 ya Katiba inasema wapigakura wana haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoweka utaratibu wa kufanya hivyo, na haki hiyo imebaki kwenye maandishi. Ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria, na wananchi walishiriki, wakatuma maoni yao, kisha wabunge 204 wakapiga kura kana kwamba hayakufika. Mtu akifungiwa milango hiyo miwili, atatumia alichonacho mkononi, na walichonacho Wakenya wengi ni simu na shilingi mia mbili za chakula cha mchana. Kumwambia asichague pa kuitumia mia mbili yake ni kumwonea.

Tena si mara ya kwanza. Novemba 2017, baada ya uchaguzi wa Agosti kubatilishwa na Mahakama ya Juu na ule wa marudio wa tarehe 26 Oktoba kususiwa na Raila Odinga, muungano wake wa upinzani, NASA, uliwataka wafuasi wasinunue bidhaa na huduma za Safaricom ya simu, Brookside ya maziwa na Bidco ya mafuta ya kupikia. Wakati huo nilikuwa nikikaa kaunta. Wateja walianza kuuliza maziwa ya chai ni ya kampuni gani, na mama, ambaye hakutaka kumpoteza mteja wa upande wowote, akaacha maziwa ya pakiti akanunua ya mfugaji wa Njoro. Kulikuwa na mzee mmoja fundi viatu ambaye hakuuliza wala hakubishana na mtu, ila alihama kutoka chai ya maziwa hadi strungi, akainywa hivyo kila asubuhi kwa miezi. Machi 2018 Raila na Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo, wakapeana mikono pale kwenye ngazi za Harambee House, na mgomo ule ukazimika. Yule mzee hakushauriwa na mtu. Alikuja tu siku moja akaagiza ya maziwa, nasi hatukumuuliza.

Ninalitaja hilo kwa sababu tofauti ya 2017 na 2024 ndiyo iliyonifunza kitu. Mgomo wa kwanza ulitangazwa na viongozi kwa majina yao, wakataja kampuni tatu na sababu zao, na wao wenyewe ndio walioupa kisogo siku maslahi yao yalipobadilika. Mwananchi alitumiwa, lakini angalau kampuni iliyotajwa ilijua ni nani aliyeitaja na ingeweza kumjibu. Wa 2024 haukuwa na mwenyewe. Hilo ndilo lililoupa nguvu, kwa kuwa hapakuwa na kiongozi wa kununuliwa, kutishwa au kualikwa Ikulu kunywa chai, na vijana walijivunia jambo hilo, nami nawaunga mkono. Lakini kwetu sisi ilimaanisha kwamba hapakuwa na wa kumwendea. Orodha haikuwa na sahihi. Aliyeituma aliipokea kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine, na kila uliyemuuliza alikujibu kwamba yeye ameisambaza tu.

Aliyekuja kutuuliza ana kwa ana alikuwa mmoja tu, mwanafunzi wa chuo ambaye tulimzoea kwa sababu alikuwa akila kwa mkopo mwisho wa mwezi na hulipa bila kukumbushwa. Aliingia akasimama mbele ya kaunta bila kuketi.

"Mama, hii hoteli ni ya mheshimiwa?"

"Mheshimiwa ni mwenye nyumba, mwanangu," mama akamjibu. "Hata wewe una mwenye nyumba huko unakolala. Ukimlipa kodi, umekuwa ndugu yake?"

Kijana akatazama ukutani, mahali ambapo sheria inatutaka tuweke leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wahudumu. Alisogea akaisoma leseni jina kwa jina, akasoma na nambari ya jengo, kisha akauliza kwa nini hatukuipiga picha tukaituma tukamaliza maneno. Nami nilikuwa nimemwuliza mama swali hilohilo jana yake, na jibu alilonipa mimi alimpa yeye pia: mkataba wa kupanga unaisha Desemba. Akisema hadharani kwamba hoteli si ya mheshimiwa, itambidi aseme na uhusiano wake na mheshimiwa, na kila atakachokisema kitasomwa na pande mbili. Wateja watakiona kama kujitetea, na mwenye jengo atakiona kama kumkana. Alichagua kunyamaza na kuendelea kuchemsha madondo.

Yule kijana akaipiga picha leseni kwa simu yake na kuituma mwenyewe, akieleza kwamba amefika mahali na ameona kwa macho yake. Majibu aliyoyapata yalikuwa ya aina moja: umelipwa ngapi? Wengine waliandika nambari 527 bila neno lolote. Wakenya watanielewa. Hilo ndilo jina la kejeli wanalopewa wanablogu wanaodaiwa kuitetea serikali kwa ujira, kwamba kila mmoja hutumiwa shilingi 527. Kijana aliyekuwa amepigwa gesi mara mbili mwezi huo aligeuzwa kibaraka kwa sababu ya picha ya leseni. Alinionyesha majibu hayo akicheka, ingawa hakuchekeshwa nayo sana, na baadaye akauondoa ujumbe wake. Taarifa iliyotutaja iliendelea kuzunguka, na iliyotusafisha ikafia hapo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolishikilia tangu wakati ule ni kwamba kura ya mbunge na mali ya mbunge si habari za aina moja, hata zikiwekwa kwenye ukurasa mmoja. Kura ilipigwa hadharani na kurekodiwa, na mbunge hawezi kusema kwamba amesingiziwa. Umiliki wa mali ni jambo linalofichwa. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, iliyotumika wakati ule, iliwataka viongozi wajaze fomu za kutangaza mali zao, lakini fomu hizo hazikuchapishwa mwananchi akaweza kuzisoma, na daftari la wamiliki halisi wa kampuni nalo haliko wazi kwa kila mtu. Matokeo yake ni kwamba mtaa unajaza pengo hilo kwa kukisia. Wengine wanakisia sawa, maana wapo wanasiasa ambao wameandikisha biashara kwa majina ya mashemeji na madereva. Lakini kukisia huko hakutofautishi shemeji na mpangaji, na sehemu kubwa ya lawama yake naiweka kwa hao walioficha, si kwa aliyekisia. Mbunge ambaye mali zake zingekuwa wazi angesusiwa yeye, na mama angeendelea kuuza chapati.

Juni hiyohiyo ya 2024 duka kubwa moja huko Nyeri lililohusishwa na mbunge lilivunjwa, likaporwa na kuchomwa. Sijui kwa nini watu wengi wenye akili zao timamu walizungumza kana kwamba kususia na kuchoma ni hatua mbili za safari moja. Anayesusia anatumia kilicho chake, ambacho ni pesa yake, na kesho akigundua kwamba amekosea anaweza kurudi. Anayechoma ametumia kisicho chake, na hakuna kurudi. Usiku wa tarehe 25 tulilala hotelini, mimi, mpishi na mlinzi, tukiwa tumevua kibao na kukilaza jikoni. Hakuna aliyekuja. Lakini nilipokuwa nimekaa pale gizani nikisikiliza mabomu ya machozi kwa mbali, nilitambua kwamba ni watu ambao ningewapigia makofi mchana ndio niliokuwa nikiwaogopa usiku, na hisia hizo mbili hazikupingana kama nilivyodhani zingepingana.

Ningekuwa mwongo nikisema shinikizo la namna hii halizai kitu. Limezaa, hasa pale lilipoielekea taasisi yenye jina na kwa tendo ambalo kila mtu aliliona. Katikati ya 2024 vijana walianza kuyauliza makanisa kwa nini madhabahu zimekuwa majukwaa ya wanasiasa wanaoingia na vitita vya noti, na katika baadhi ya ibada waliimba mpaka mgeni rasmi akakosa pa kusimama. Wazee wengi walikasirika, baba yangu mdogo akiwamo. Novemba mwaka huohuo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo likakataa hadharani mchango ambao Rais alikuwa ameutoa kwa kanisa moja la Soweto, Nairobi, likasema fedha hizo zirudishwe. Baba mdogo alipoisikia habari hiyo redioni alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hilo lilipaswa kufanyika zamani. Sikumkumbusha alichokisema Julai. Ninachokiona hapo ni kwamba walioulizwa ndio hasa waliopokea fedha, walikuwa na uwezo wa kuzirudisha, na walipozirudisha watu waliliona jibu lao. Mama wa hoteli hakuwa na chochote cha kurudisha.

Kuna aina nyingine ya hasira ambayo naiona dhaifu zaidi, nayo ni ile ya kumshambulia mtu kwa kunyamaza. Wasanii, wachekeshaji na watangazaji walihesabiwa: nani ameandika, nani hajaandika, nani ameandika akiwa amechelewa. Msanii aliyepokea pesa ya kampeni mwaka 2022 akawaambia mashabiki wake wamchague fulani ana deni la maelezo, na akiulizwa asinung'unike. Lakini yule ambaye hajawahi kusema lolote kuhusu siasa za nchi halazimiki kuanza leo kwa sababu ana wafuasi wengi. Mhudumu wetu yule aliyeandamana aliniambia kwamba kati ya waliokuwa wakiwahesabu wengine hivyo, wapo aliowajua ambao hawakutoka nje ya geti zao, nami namwamini kwa sababu yeye alitoka.

Hapa lakini inanipasa niwe mwangalifu, kwa kuwa malalamiko kuhusu ukatili wa mitandao yana watu wanaoyapenda kwa sababu zao. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi yaliyodaiwa kumchafulia jina Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akapelekwa Nairobi na kufia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Polisi cha huko. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga ukutani, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Oktoba mwaka huohuo Rais akatia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vifungu vyake. Nilipoisoma sheria ile nilijiuliza kama ingetusaidia sisi mwaka 2024, na sikuona namna. Ingemkamata nani? Labda yule mwanafunzi, kwa kuwa ndiye pekee aliyeandika kwa jina lake halisi. Aliyetunga orodha asingepatikana, na afisa mkubwa aliyeudhika angepata fimbo mpya. Kati ya orodha ya uongo na sheria ya namna hiyo, nitavumilia orodha.

Wateja walirudi, si wote, na si kwa sababu walielezwa ukweli. Walirudi kwa sababu Julai Rais alivunja baraza la mawaziri, mazungumzo yakahamia kwingine, na chapati zetu ni nzuri. Desemba mwenye jengo aliongeza kodi na mama akalipa. Hakuna upande wowote uliowahi kutuomba radhi, na mama hakutarajia. Alichokifanya ni kubadilisha taratibu za kaunta. Zamani mabango ya wagombea yalibandikwa kwenye kuta zetu bila hata kuulizwa, na oda za chakula cha wajumbe zilipokelewa kwa mdomo, pesa zije baadaye, na mara nyingi hazikuja. Nina daftari zima la madeni ya wanasiasa walioshinda na walioshindwa. Sasa bango haligusi ukuta, na oda ya mkutano wa siasa hulipiwa kabla mchele haujaoshwa, kwa risiti yenye jina la anayelipa kweli, ili siku orodha nyingine ikitoka tuwe na karatasi ya kuonyesha tulimuuzia nani na kwa shilingi ngapi.

Uchaguzi wa Agosti 2027 umeshaanza kunukia na watu wa waheshimiwa wamerudi mezani. Karibuni alikuja kijana mwenye shati la kupiga pasi, akataka pilau ya watu wengi kwa mkutano wa Jumamosi, na akaomba risiti iandikwe kwa jina la kikundi cha vijana.

"Anayelipa ni nani?" mama akamuuliza.

"Ni mheshimiwa, mama, lakini yeye hapendi jina lake liandikwe-andikwe."

Mama akamwambia kwamba risiti zetu huandikwa jina la mwenye pesa, na kwamba akipenda anaweza kumpigia mheshimiwa simu akiwa palepale, chai itakuwa ya bure. Kijana akanywa chai, akapiga simu akiwa nje, kisha akaondoka na oda yake akaipeleka hoteli ya ng'ambo ya barabara, na nilipofunga hesabu za mwezi ule tulikuwa chini kwa kiasi kinachokaribia bei ya ile pilau.